Mwenye Vikombe Mgongoni Hana pa Kukimbilia

Nimesikia kwamba nyinyi vijana mnaofanya hijama, yaani kuumika watu kwa vikombe, siku hizi mna kundi lenu kwenye simu, na humo mnawekeana picha za migongo ya wateja. Mpwa wangu Rahma, aliyerithi chumba changu cha kazi hapa Shela, Malindi, ndiye aliyenionyesha. Nikatazama mgongo wa kwanza, nikatazama wa pili, na wa tatu nikautambua. Nikamwambia, "Huyu si mke wa yule fundi saa?" Rahma akazima simu upesi. Kwa hiyo naanzia hapo, na nasema kwa hasira: mgongo una sura yake kama uso. Mwanamke amekuvulia nguo kwa sababu anaumwa, hakukuvulia ili ukamtembeze mjini. Zifuteni hizo picha, kisha mrudi tuendelee.

Mimi ni Maimuna, wengi huniita Bi Mai. Nimewaumika wanawake wa mji huu tangu mimi mwenyewe nikiwa bibi harusi mpaka vidole gumba viliponigomea. Sasa nikishika lile bomba la kuvutia hewa, kinacholia ni kidole. Nimemwachia Rahma kazi, nami nimebaki na kiti mlangoni. Yeye ndiye aliyeniomba niwaandikie haya. Anasema nina mengi ya kuwafunza vijana, lakini mimi nadhani amechoka nikimkosoa mbele ya wateja.

Sisi hatukuwa tukisema hijama. Tulisema kuumika, na hatukuwa na vikombe vya plastiki wala glavu wala ukutani picha ya mtu aliyechorwa vidoa. Tulikuwa na pembe. Aliyenifunza ni mavyaa wangu, Bi Mwanakombo, mama wa mume wangu, Mungu awarehemu wote wawili. Pembe zake zilikuwa za ng'ombe, zimekatwa ncha na kutobolewa tundu dogo. Unaiweka pembe juu ya ngozi, unafyonza hewa kwa kinywa kupitia lile tundu, na nta uliyoificha shavuni unaisukuma kwa ulimi kuziba. Ukichelewa kidogo, pembe inaanguka na mteja anakucheka. Ukiwahi mno, nta unaimeza.

Bi Mwanakombo alikuwa hana meno mawili ya mbele, na alishikilia kwamba ndiyo sababu pembe zake zilishika kuliko za mtu yeyote kutoka Malindi mpaka Kilifi. Siku moja, pembe zangu zimeanguka tena na tena, nikamuuliza kwa mzaha kama na mimi ning'oe yangu. Akanitazama mdomoni, akafikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akasema, "Tungoje kwanza."

Hakuniruhusu kugusa mteja kabla sijajifunza kwenye paja langu mwenyewe. Ilikuwa lazima niiweke pembe pajani, nizibe, kisha nifanye kazi zote za nyumba nayo ikiwa pale chini ya leso: nifagie, nikune nazi, nichote maji. Ikidondoka, naanza upya. Basi ikawa siku moja mama yangu mzazi na dada zake wamekuja kunijulia hali, kuona mtoto wao anaishije ukweni. Naingia na sinia ya kahawa, nimepiga hatua za adabu, nimeinama kumpa mama mkubwa kikombe, na pembe ikaanguka sakafuni, kong'! Ikabiringika mpaka miguuni mwake. Mama mkubwa akaitazama pembe, akanitazama mimi, akamtazama mavyaa wangu. Bi Mwanakombo akanywa kahawa yake akasema, "Bado hajaiva." Mama alirudi kwao akiamini nimeolewa kwa wachawi, na ilichukua muda kumtoa wazo hilo.

Lakini mwalimu wangu huyo alikuwa na elimu nyingine ambayo katika kozi zenu sidhani kama mnafunzwa. Nilipokuwa na ndoa changa, mume wangu alitia neno kwamba samaki wangu wa kupaka hawafikii wa mama yake. Nikanyamaza. Nilinyamaza siku nyingi, na mwanamke akinyamaza hivyo, nyumba inaingia baridi. Bi Mwanakombo akatuita chumbani, akasema damu zetu sote zimekuwa nzito, akatulaza kifudifudi kwenye mikeka miwili ubavu kwa ubavu. Akatupachika pembe migongoni, kisha akaenda kukaa mlangoni na ungo wa kunde, akaanza kuambua.

"Mama, njoo utuondolee," mume wangu akasema.

"Nina kazi," akajibu. "Mwenye pembe mgongoni hana pa kukimbilia. Zungumzeni."

Hatukuzungumza. Ila muda si muda mume wangu akashikwa na mwasho begani, mahali ambapo mkono wake haufiki. Akajinyonganyonga. Akaniomba nimkune. Nikamuuliza, "Samaki wa nani mtamu?" Akasema, "Wako." Nikanyoosha mkono nikamkuna. Kutoka mlangoni ikarushwa ganda la kunde, likampata kichwani. "Mwongo," mama yake akasema, "lakini mkune vivyo hivyo." Tukacheka mpaka pembe zikaanza kuachia moja moja.

Nitarudi kwenye jambo hilo. Kwanza niseme ya mikono, maana Rahma anasoma juu ya bega langu na anasema vijana wanataka mambo ya kazi.

Mkono wako uwe na joto kabla haujamgusa mtu. Usipachike kikombe juu ya uti wa mgongo wenyewe, wala juu ya kidonda, wala pale penye mshipa uliovimba. Usimfanyie aliyeshiba sana wala mwenye njaa, maana wa kwanza atakutapikia na wa pili atakuzimikia. Wembe ufungue mpya mbele ya macho yake, kila mtu na wake, na ukimaliza uutupe kwenye debe lenye mfuniko, usiuweke dirishani. Mja mzito mwambie aende akajifungue salama kwanza. Mwenye sukari, na anayekunywa dawa za kuifanya damu iwe nyepesi, mwulize daktari wake amesema nini, na kama hajamwuliza, basi na wewe huna kazi naye leo. Siku moja alinijia mama mmoja akisema ana upepo kifuani, umemshuka mpaka mkono wa kushoto, na jasho lamtoka. Sikuchukua hata kikombe. Nilimwita mwenye tuktuk nikampakia na bintiye wakaenda hospitali, huku akinitukana njia nzima kwamba nimemnyima haki yake. Alipopona alikuja kunitukana mara ya pili, lakini safari hiyo alileta maembe.

Na mkubali kwamba si kila dawa iko ndani ya kikombe. Nilikuwa na mteja kutoka Tezo, mkulima, mama wa Kigiriama mwenye nguvu za ajabu. Shingo ilikuwa ngumu kama mpini. "Bi Mai, hii shingo yanivunja usiku na mchana," aliniambia. Nikamwumika mabegani, nikamkanda kwa mafuta, nikamwambia: sasa sikiliza, usibebe kitu kichwani mpaka shingo itulie. Akaniahidi. Baada ya majuma machache nikaona mtu anaingia uani na gunia la mihogo kichwani, amenyooka kabisa, hata kwa mkono hajalishika. Alikuwa yeye. Amelibeba kutoka stendi kuja kunishukuru kwamba shingo imepona.

Pembe zilipopitwa na wakati tukaingia kwenye gilasi na moto. Unawasha kipande cha pamba, unakiingiza ndani ya gilasi, unakitoa, unaifunika upesi juu ya ngozi. Moto umekula hewa, gilasi inashika. Ni njia nzuri kama una macho na kama mteja hana nywele za kununua. Niliitwa Mtwapa, kwenye chumba cha kupanga cha dada mmoja wa bara anayeuza nguo, amevaa wigi refu linalomfika mgongoni. Nikamwambia alikusanye juu, akalikusanya nusu. Nikiwa katikati ya kazi akaniuliza, "Mama, hiyo kitu inanuka ni nini? Ni mgongo yangu ama?" Nikamwambia mgongo wako uko salama, mwanangu, lakini usiinuke ghafla. Alipoona ncha za wigi zimeungua, akaomba nimkate na upande wa pili zilingane. Mpaka leo hunitumia salamu.

Sasa nirudi kwenye lile la mikeka miwili, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nilikuwa na wateja wawili ambao sikuwahi kuwapangia siku moja. Wa kwanza Amina, mjane, mwembamba, mtu wa maneno machache na kila moja lina makali. Wa pili Swafiya, dada wa marehemu mume wa Amina, mnene, sauti yake ikipiga hodi, hata jirani wa tatu anaitikia karibu. Walikuwa mawifi, na walikuwa hawasemezani tangu Idi ya kwanza baada ya Omar kufariki, huyo aliyekuwa mume wa mmoja na kaka wa mwingine. Wote wawili walipenda kuja baada ya mwezi kupita nusu, kama ilivyo desturi ya kuumika, kwa hiyo nilikuwa na kazi ya kuwapisha. Mmoja akija Jumanne, mwingine namweka Alhamisi. Kila mmoja akiniuliza, "Yule wako amekuja?" namjibu simjui anayemsema.

Ugomvi wao ulikuwa juu ya mkate wa sinia. Msicheke, nitakapocheka nitawaambia. Kila Idi Swafiya alipika mkate wa sinia, wa mchele na tui na iliki, akampelekea kaka yake. Omar alipokufa, Idi ikaja, na Swafiya akapika vilevile akaupeleka nyumbani kwa mjane. Alasiri ya siku hiyohiyo akaingia kwa jirani wa Amina kutoa mkono wa Idi, akaandaliwa mkate wa sinia. Akaumega. Akaujua. Na sinia ilikuwa yake, yenye kibonde pembeni. Aliumaliza kwanza, hakuwa mtu wa kutupa chakula, ndipo akakasirika. Alikwenda kwa Amina kumwuliza, na Amina akamjibu kwamba mkate ukishaletwa kwake ni wake, na humpa amtakaye. Basi. Wakaacha kusemezana.

Hayo yangebaki yao kama si Nuru. Nuru ni binti wa pekee wa Amina na marehemu Omar. Alinijia asubuhi moja nikisuuza vikombe.

"Shikamoo, Bi Mai."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu na harusi iko mlangoni?"

"Shangazi amesema hakanyagi."

"Na mamako asemaje?"

"Mama asema ni kheri, mazulia yatabaki safi."

Nilitaka kucheka lakini alikuwa ameanza kulia, na alilia kwa uchungu, ameushika ukingo wa karai langu. Akaniambia harusi ni wiki ijayo, ukumbi umeshapatikana, wakwe kutoka Kilifi wameshaalikwa, na yeye hataki kitu kingine chochote. "Siku ya kupamba nataka shangazi anitoe. Babangu hayupo kuniona. Nataka mtu wa damu yake anishike mkono. Kama hatakuja, mimi ntatoka pale kama mtoto wa kuokotwa."

Nyinyi wa mjini mnajua, na wa mbali niwaambie: kwetu shangazi si mgeni wa harusini. Ana haki yake, hushauriwa, huombwa radhi, na bibi harusi anapotolewa mbele ya wanawake, shangazi akikosekana, kila jicho linamtafuta. Nikamfuta Nuru machozi kwa ncha ya leso. Nikamwambia aende nyumbani akasingwe mwili kama bibi harusi, haya mengine aniachie. Sikuwa na hakika hata kidogo, lakini nilishamwona mavyaa wangu kichwani, na ungo wake wa kunde.

Nikawaita wote wawili siku moja, asubuhi moja. Amina alitangulia. Nikamlaza upande wa ukutani, nikavuta pazia lililogawa chumba, nikampachika vikombe mgongo mzima. Nikamwambia leo asiseme kitu, damu yataka utulivu. Uongo mtupu. Hapo nje ikapigwa ile hodi.

Vikombe vyote mgongoni mwa Amina viliinuka kwa pamoja.

"Huyo ni nani?" akanong'ona.

"Mteja."

"Mteja huyo namjua. Niondolee hivi vitu niende zangu."

Nikamwongeza viwili.

Swafiya akaingia na marashi yake na malalamiko yake, akajilaza upande wa pili wa pazia bila kujua kitu. Sikuwa nimemaliza safu ya kwanza ya vikombe na tayari alikuwa ameshaanza. "Bi Mai, huyu wifi yangu, wallahi, ataka kumwoza mtoto wa kaka yangu kama atoaye paka nje! Hata kuniita hakuniita. Roho yake kavu, ndiyo maana hanenepi. Na harusini, nasikia, ati atavaa rangi ya zambarau. Rangi ile na ule weusi wa shingo!"

"Shingo yangu imefanya nini?" ukauliza upande wa pili wa pazia.

Kisha Swafiya akainuka, na mtu mnene anapoinuka na vikombe kumi mgongoni huinuka kama nyumba. Akajifunga leso, akatupa buibui juu, akaufikia mlango akaufungua. Nje ya mlango wangu kuna kinyozi, na nje ya kinyozi kuna wanaume wanaongoja kunyolewa ambao hawana kazi nyingine ila kutazama. Swafiya ana nundu juu ya nundu chini ya buibui. Akaurudisha mlango polepole.

"Nitoe vikombe vyangu."

"Bado, havijafanya kazi."

"Basi ntajitoa mwenyewe!" Akajaribu kwa juu, mkono haukufika. Akajaribu kwa chini, haukufika. Akazunguka chumba mara moja kama kuku anayetafuta pa kutagia, kisha akarudi kulala. Nikalivuta pazia likafunguka lote, nikaenda kuketi mlangoni. Nilikuwa sina kunde, nikachukua mchele nikachambua.

Nawaambia ukweli, niliogopa. Niliwaza kama hawa wakiondoka hapa wakiwa wabaya zaidi, nitamwambia nini yule mtoto? Mchele ulikuwa safi, niliuchambua vivyo hivyo.

Walianza na shingo, wakaenda kwenye wembamba na unene, wakapita kwenye mambo ya harusi ya Amina mwenyewe, ambapo ilionekana kulikuwa na biriani iliyoungua ambayo hakuna aliyewahi kukiri. Wote walikuwa wamelaza nyuso kwenye mito, kwa hiyo matusi yalitoka yakiwa yamebanwa na pamba, na kila mara mmoja alilazimika kusema, "Ati nini?" na mwingine kulirudia tusi lake taratibu. Tusi likirudiwa taratibu halina nguvu tena. Mwishowe Swafiya akachoka, akageuza uso akamtazama mwenziwe, na sauti yake ikawa ndogo. Sikuwahi kujua kwamba ana sauti ndogo.

"Mkate wangu ulikukosea nini, Amina?"

Amina akasema, "Wanuka yeye."

"Nani?"

"Omar. Kila Idi alikata kile kipande cha kwanza, akasimama nacho mlangoni, hataki sahani, makombo yamwanguka kanzuni, nami namgombeza. Mwaka ule ukauleta, nikauweka mezani, nikajikuta nashika ufagio nangoja makombo. Sikuweza, wifi. Sikuweza kukaa nao nyumba moja. Na kuutupa sikuweza. Nikampa jirani kwa kuwa ana watoto, nilitaka uliwe wote uishe, kabla ya jua kuchwa."

"Mbona hukunambia?"

"Ulikuja na maneno mlangoni, ukanishambulia. Nami nilikuwa nimelia mchana kutwa, sikutaka unione."

Swafiya akalaza tena uso wake kwenye mto. Nikamsikia akisema, "Mimi sikujua kupika Idi bila yeye. Nilifika kwenye kutia iliki ndipo nikakumbuka hayupo. Nikasema, sasa niumwage huu unga? Nikaendelea." Na hapo akaanza kulia, na Amina akalia, na mimi mlangoni na mchele wangu nikalia pia. Mtu aliye na vikombe akilia, vikombe vinagongana. Chumba kizima kilikuwa kinalia kama kabati la vyombo.

"Lakini sinia," Swafiya akasema katikati ya kwikwi, "sinia ungelinirudishia."

Amina akacheka. Kucheka na vikombe kunauma, ngozi yavutwa huku na huku, akapiga kelele, "Aa! Usinichekeshe, vyanifinya!" Swafiya naye akashikwa, akawa acheka, alia, apiga ngumi mkekani. Kikombe kikaruka kutoka mgongoni mwake, kikaenda mpaka chini ya kabati, na Rahma alikuja kukipata juzi tu alipokuwa akipaka rangi.

Hapa niwakanye. Kwa kuwasikiliza nilikuwa nimesahau kutazama ngozi. Nilipowaondolea, maduara yalikuwa meusi kama zambarau zilizoiva, na yakivimba pembeni. Hayo si ya kujivunia. Msiige. Ukitaka kupatanisha watu, wapachike kidogo, na uache nafasi ya kupumua. Na wawe ni watu ambao unajua chini ya ugomvi kuna kitu. Wasiopendana kabisa waache waende zao, usije ukaharibu vikombe.

Yale maduara yalikuwa bado yako siku ya kupamba. Wote wawili walikuwa wameshashonesha nguo za mgongo wazi na hakuna aliyekubali kujifunika. Swafiya alisema nguo imegharimu jasho la fundi. Wakaingia ukumbini, mmoja rangi ya zambarau, mwingine kijani, migongo imejaa madoa kuanzia mabegani, na wageni kutoka Kilifi wakawa wanaulizana kama huo ni mtindo mpya wa Malindi. Msichana mmoja aliniuliza hina ile imechorwa na nani. Nikamwambia mimi.

Ngoma ikanyamazishwa. Nuru akatokea mlangoni, amepambwa kwa dhahabu na asmini, mkono wake umo mkononi mwa shangazi yake, na mama yake yuko upande wa pili. Wakapita katikati ya wanawake mpaka kwenye kiti. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi, mtu mzima, ambaye hakuwa amepashwa habari za nyumba ile, akanyoosha shingo akauliza kwa sauti, kama wafanyavyo wazee, "Na baba wa huyu mtoto, upande wake yuko nani?"

Nuru akainamisha uso. Swafiya akafungua kinywa, lakini Amina alimtangulia. Alipeleka mkono wake akampiga wifi yake begani, juu ya duara lililo jeusi kuliko yote, Swafiya akaruka akasema "Ai!" ukumbi mzima ukasikia, na Amina, bila kuuondoa mkono, akamjibu yule bibi:

"Baba yake ndiye huyu."